Mtungi Usilazwe

Mtu aliyemkata Japheth Kisiangani sikio la kushoto hakuwa na haraka. Ilikuwa asubuhi ya mwaka wa elfu mbili na saba, kwenye njia ya chini ya Mlima Elgon, wakati wa vita vya ardhi, na Japheth alikuwa akisukuma baiskeli yenye mikebe miwili ya maziwa kuelekea kituo cha ushirika. Wanaume watano walitokea kwenye mahindi wakamwambia alale. Akalala. Lakini kabla ya kulala aliegemeza baiskeli kwenye ua, polepole, ili maziwa yasimwagike, na jambo hilo likawachekesha sana. Mmoja akaipiga baiskeli teke. Maziwa yakatiririka hadi usoni pake yakiwa bado na joto la ng'ombe, kisha kisu kikapita, na maziwa yakageuka rangi.

Kaka yake Maurice alikuwa hatua kumi nyuma. Yeye alikataa kulala. Walimkata miguu kwanza, akalala tu.

Miaka kumi na saba baadaye, mjini Doha, Japheth alikuwa bado anavaa kofia iliyoshuka upande wa kushoto. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amesimama miaka sita kwenye lango la hoteli akiwa mlinzi, kisha akapata leseni ya udereva, akaajiriwa na kampuni ndogo iliyobeba sampuli za maabara: damu, mkojo, vipande vya uvimbe, na mara mojamoja mtungi.

Mtungi ulikuwa wa alumini, kimo chake kiunoni mwa mtu, uzito wake kama wa mtoto wa darasa la tatu. Ndani ya kuta zake mlikuwa na kitu kama sifongo kilichonyweshwa naitrojeni, baridi kuliko baridi yoyote ambayo Mungu aliiweka duniani. Ukisimama wima ulishika baridi hiyo siku tisa. Ukilazwa, baridi ilimwagika kama uji, na kwa saa chache kilichomo kilikuwa kimekufa. Kifuniko chake hakikukazwa, kwa kuwa naitrojeni lazima ipumue. Ndiyo maana dirisha la gari liliachwa wazi upana wa vidole viwili hata mwezi wa saba, hata hewa ya nje ikichoma kama ya tanuri: pumzi ya mtungi ikijaa ndani ya gari lililofungwa, dereva husinzia asiamke tena. Shingoni mtungi ulivaa kifaa kidogo chenye kuandika joto na mwinamo. Ukiinama kupita digrii ishirini na tano, kifaa kililia mlio mmoja mfupi. Ukipita thelathini, kililia mlio mrefu na kuandika kosa ambalo hakuna mtu angeweza kulifuta.

Japheth naye aliandika. Alikuwa na daftari lake mwenyewe, la mistari, na kila safari aliingiza saa, namba ya mtungi, baridi, mwinamo, na jina la aliyepokea. Wenzake katika kambi ya wafanyakazi walimcheka. Aliyemcheka zaidi ni Douglas, mtu wa Mumias, dereva mwenzake, aliyelala kitanda cha juu yake kwenye chumba chao cha watu wanne huko Industrial Area.

"Huyu mzee ana sikio moja," Douglas alipenda kusema, "anasikia nusunusu, lakini kuandika anaandika yote."

Kabla ya kazi hii Douglas alikuwa ameendesha gari la maji ya kunywa miaka minne. Zile chupa kubwa za maji hulazwa, ili zisibiringike kwenye kona. Mkono ulikuwa umezoea hivyo. Alhamisi moja ya mwezi wa sita alipewa mtungi aupeleke hospitali ya watoto. Akaulaza kati ya blanketi na tairi la akiba, vizuri kabisa, kwa upole. Kifaa kilipolia akakitoa betri. Kisha akapitia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kula pilau na marafiki, akakaa huko kwa muda wa saa tano, gari likiwa juani.

Hospitalini alisema betri ilikufa yenyewe. Meneja akamwita Japheth alikague gari. Japheth alikuta kwenye zulia alama ya duara, nyuzi zimekauka na kuvunjika kwa baridi, na kando yake alama ndefu ya ubavu wa mtungi.

"Uliulaza?" akamwuliza.

"Sasa utaniandikia hivyo, buda? Mimi na wewe tunakula sufuria moja."

"Uliulaza au hukuulaza?"

Douglas akatazama pembeni. "Niliulaza. Sasa?"

Japheth akaandika. Jioni ileile Douglas akafutwa kazi, na visa yake ikaanza kufutwa pia. Alikuwa na siku tano za kuondoka nchini.

Jioni hiyohiyo simu ya Japheth ililia. Alikuwa ni Jebet, muuguzi wa wodi ya watoto, msichana wa Nandi aliyezoea kupokea mitungi kutoka mikononi mwake.

"Mzee, umeshajua ule mtungi ulikuwa wa nani?"

"Ulikuwa na namba tu, sista."

"Ni wa Chelsea. Yule mtoto wa Velma, wa kanisani kwenu. Miaka sita."

Japheth alimjua. Mtoto wa macho ya manjano, aliyebebwa mgongoni hata siku ambazo wenzake walikimbia, kwa sababu ya selimundu. Damu yake ilizaliwa imepinda, ikakwama kwenye mishipa, na ikikwama mtoto alipiga mayowe hadi sauti ikakatika.

Jebet akamweleza kwa haraka, kama mtu anayehesabu dawa. Miezi mitano nyuma watafiti wa maabara walitoa seli mama za damu ya Chelsea. Wakazigawa mafungu mawili. Katika fungu la kwanza waliingia ndani ya jeni moja, mahali pamoja tu penye herufi iliyokosewa, wakairekebisha, ili damu izaliwe duara. Fungu la pili waliliacha lilivyo, likawa akiba, jambo likiharibika mtoto arudishiwe angalau damu yake mbovu. Mafungu hayo hayasafirishwi pamoja, ajali moja isije ikayamaliza yote.

"Akiba ndiyo Douglas ameipika," Jebet akasema. "Na sisi tumeshaua uboho wa mtoto. Siku nne tumemmiminia dawa."

"Mmeuua?"

"Lazima, mzee. Huwezi kupanda mbegu mpya juu ya magugu. Sasa mifupa yake ni mitupu, haizai damu ya aina yoyote. Mafua tu yanammaliza."

"Kwa hiyo limebaki fungu moja."

"Moja. Kesho Ijumaa, saa nane mchana. Na usikie vizuri: likifika na kosa la mwinamo, sheria hairuhusu apewe mpaka lipimwe. Kupima ni wiki mbili. Hana wiki mbili."

Japheth alikata simu akalala chali. Kitanda cha juu kilikuwa kitupu. Godoro la Douglas lilikuwa limekunjwa, na kwenye mto wa Japheth kulikuwa na kinyesi cha mtu kimefungwa kwenye ukurasa uliochanwa kutoka daftari lake.

Akafua mto. Akahesabu kurasa zilizobaki.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika kumi, mtaa wa gereji ulikuwa mtupu. Milango ya chuma imeshushwa, watu wamekwenda msikitini, lami inameremeta. Japheth alitoa mtungi kwenye ghala la baridi la kampuni, akaufunga wima nyuma ya kiti chake kwa mikanda miwili, akaandika: *digrii 188 chini ya sufuri, wima.* Akaacha dirisha vidole viwili.

Kwenye kona ya pili, lori la maji lilikuwa limekingama njia. Akakanyaga breki. Hapohapo chuma cha kufungulia matairi kikaingia kwenye ile nafasi ya vidole viwili, kikang'oa kioo kizima.

Vipande vilimwingia shavuni na shingoni. Mkono ukashika kola yake, ukamgonga kichwa kwenye fremu ya mlango, mara moja, mara mbili, hadi akaona mwanga wa kijani. Mlango ukafunguka akaanguka kwenye lami iliyomchoma viganja. Douglas alisimama juu yake. Nyuma yake alikuwapo Trevor, fundi wa gereji kutoka Jinja, mtu mzima mwenye tumbo, aliyekuwa akijaza jasho shati lake lote.

"Salaam aleikum, karani," Douglas akasema, na akampiga teke la mbavu. "Leo utaandika na meno."

"Douglas, unataka nini?"

"Kitu kidogo. Naulaza dakika kumi tu. Kifaa kilie ule mlio mrefu. Kisha uende nao hospitali, useme umejilaza wenyewe. Tuone kama watakuamini kuliko mimi."

"Kuna mtoto..."

"Kila siku kuna mtoto!" Teke lingine, hili la mdomo. Jino likamkwama Japheth kooni akalikohoa. "Mimi nina watoto watatu! Umewaandika wapi?"

Trevor alikuwa ameshafungua mlango wa pembeni na kukata mkanda wa kwanza kwa kisu. Japheth aliona mtungi ukitikisika. Hakujua alisimamaje. Alimpita Douglas akitambaa na kukimbia kwa pamoja, akamsukuma Trevor kwa bega, akaingia ndani ya gari, akaukumbatia mtungi kwa mikono na miguu kama mtu aliyepanda mnazi.

Mkanda wa pili ukakatika. Sasa kilichousimamisha mtungi ni yeye tu.

Wakampiga. Douglas aliingia nyuma yake akatumia kile chuma. Pigo la kwanza lilivunja mfupa wa bega, na Japheth alisikia mlio wake ndani ya kichwa kama kuni kavu. La pili lilishukia vidole vya mkono wa kulia, juu ya alumini. Vidole viwili vikageuka upande usio wake. Hakuachia. La tatu likampata kwenye sikio zima, lile la kulia, na dunia ikajaa king'ora.

"Achia!"

Akatikisa kichwa.

"Achia, mzee, nitakuua kweli!"

Douglas akatupa chuma, akamkaba koo kwa mkono kutoka nyuma, akavuta ili mtu na mtungi waanguke pamoja. Mtungi ukainama. Japheth akaona, inchi chache mbele ya jicho lake, kifuniko kisichokazwa. Angeweza kukiinua. Kizibo kirefu kilichoshikamana nacho kilikuwa kimekaa kwenye baridi iliyogandisha nyama kwa kugusa. Angemsukumia Douglas usoni, macho yote mawili, na vita vingeisha. Na baridi ingetoka, na joto la Doha lingeingia.

Akainamisha kidevu akauma. Aliuma mkono uliomkaba, chini ya kidole gumba, kwa meno yaliyobaki, akakaza hadi akagonga mfupa. Damu ya Douglas ilimjaa mdomoni. Douglas akapiga yowe, akampiga ngumi za kisogo, na Japheth akazidi kukaza huku akiisukuma miguu yake kwenye sakafu, kuurudisha mtungi juu, juu, juu. Kifaa kikalia. Kama mlio ulikuwa mfupi au mrefu hakujua. Sikio lake lilikuwa likilia lenyewe, bila kukoma.

Kipande cha nyama kikamng'okea mdomoni. Douglas akaanguka kinyumenyume nje ya gari akishika mkono.

"Trevor! Mpige!"

Trevor hakusogea. Kisu kilikuwa mkononi, kimeelekezwa chini. "Uliniambia tutamtisha," akasema. "Uliniambia ni maji ya baridi tu ya matajiri. Huyu mtu anataka kufa. Mtu hafi kwa ajili ya maji."

"Mpige, mwoga wewe!"

Japheth aliuegemeza mtungi kwenye kona kati ya kiti na ukuta wa gari, akauzibia kwa tairi la akiba. Alifanya hivyo polepole, akahakikisha hauyumbi. Kisha akaokota kile chuma kwa mkono wa kushoto, akashuka. Douglas alikuwa akijiinua. Japheth alimpiga gotini. Goti likaingia ndani, Douglas akaanguka akilia kama ng'ombe anayechinjwa vibaya.

Akawa ameanguka. Yote yalikuwa yamekwisha. Japheth akamtazama pale chini, kifudifudi, akaona kisogo chake na sikio lake zima la kushoto. Akapiga tena, goti lilelile, kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Halafu akatupa chuma, akamgeukia Trevor.

"Utaendesha."

"Mimi? Ssebo, bwana wangu, mimi sina leseni ya hapa!"

"Na kisu ulikuwa na leseni nacho?"

Trevor akaangalia mtaa mtupu, akamwangalia Douglas anayegaagaa, akapanda kwenye usukani. Kabla ya kuondoka Japheth alimtaka apige simu ya dharura kwa ajili ya Douglas, na Trevor akapiga. Kisha wakarudi kinyumenyume, wakalikwepa lori na kuondoka, gari bila kioo, upepo wa moto ukivuma ndani. Japheth alikaa sakafuni, mtungi katikati ya mapaja, bega lililovunjika likigongana na chuma kwenye kila tuta.

"Polepole kwenye mzunguko," alikuwa akisema, damu ikitoka pamoja na maneno. "Polepole. Usikate usukani ghafla. Ukate kidogo tu."

"Mzee, utakufa hapo nyuma."

"Tazama mbele."

Kwenye mzunguko wa mwisho alitaka kusoma kifaa, lakini damu ya paji ilikuwa imemziba macho, na mkono mmoja haukuweza kuushika mtungi wakati mwingine ukifuta. Akachagua kushika.

Mlango wa hospitali ulifunguka saa saba na dakika ishirini. Jebet alikuja na kitoroli, akaona, akaweka mkono mdomoni.

"Chukua huu kwanza," Japheth akasema. "Wima, sista. Wima."

Ilibidi wauguzi wawili wamfungue vidole. Mkono ulikuwa umekaza na haukusikia amri, hata yake mwenyewe. Mtungi ulipoondoka alijaribu kuuliza swali moja, lakini mdomo haukufanya kazi, na taa za dari zikamshukia.

Alipoamka, askari polisi alikuwa amekaa kando ya kitanda na mkalimani Mkenya. Walimtendea kwa utaratibu. Douglas alikuwa katika hospitali nyingine. Goti halingekunjika tena. Trevor alikuwa ameeleza yote, lakini alisema alimwona Japheth akipiga mara moja tu. Labda hakuona. Labda alikuwa akilipa deni la kile kisu.

"Kujitetea," mkalimani akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukisema mara moja, kaka, utatoka hapa na bandeji na pole."

Japheth akaomba daftari lake. Lilikuwa ndani ya shati lake, limeganda damu. Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa za mtoto wa chekechea, na ilimchukua muda mrefu:

*Saa 6:04 gari lilisimamishwa. Nilimwuma mkono. Nilimpiga goti mara mbili. Ya pili alikuwa ameshaanguka.*

Mkalimani alisoma, akafumba macho. "Kwa nini?"

"Alhamisi nilimwandika yeye," Japheth akasema.

Chini ya mstari ule aliandika *Mwinamo:* na nukta mbili, akaacha wazi. Kisha akawapa polisi daftari.

Akawekwa rumande. Alijifunza kula upande mmoja wa mdomo. Usiku na mchana jambo moja lilimrudia: ule mlio. Alijaribu kuukumbuka, kuupima, mfupi, mrefu, lakini kila alipoukaribia king'ora cha sikio lake kiliufunika. Chelsea alikuwa na siku kumi na nne za kungoja kama mlio ulikuwa mrefu, na mifupa yake haikuwa na siku hizo. Siku ya kumi na nne Japheth hakula. Hakuwa na wa kumwuliza.

Siku ya thelathini na moja aliitwa chumba cha wageni. Jebet alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, bado na sare, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu.

Japheth akaketi. Jebet akaanza mwenyewe.

"Alipewa siku ileile, saa tisa na nusu. Kamfuko kadogo, mzee, ungedhani ni juisi ya nyanya. Kisha tukangoja. Siku ya kumi, sufuri. Ya ishirini, sufuri. Midomo yake ilichubuka hadi akawa anatema nyama. Alipata homa tukadhani tumempoteza. Mama yake aliupiga ukuta ngumi hadi akavunjika kidole. Siku ya ishirini na sita nikapeleka damu maabara kama kawaida, wakanipigia simu wakicheka. Seli nyeupe zimeanza kuzaliwa. Zimeshika. Leo nimeziona nyekundu kwa hadubini. Duara, mzee. Duara kabisa."

Japheth aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Mabega yake, lile zima na lile lililoungwa vibaya, yalitikisika.

"Wanakurudisha nyumbani mwezi ujao," Jebet akasema. "Nimesikia. Velma ameandika barua kwa hakimu, lakini..."

"Nilipiga ya pili, sista."

"Najua."

"Haikuwa ya mtoto, ile ya pili."

Mlinzi mlangoni alitazama saa.

"Kifaa kilisoma ngapi?" Japheth akauliza.

"Nini?"

"Mwinamo. Pale ulipozidi kabisa."

Jebet akamkazia macho, kisha akatoa simu akatafuta picha, maana alikuwa amepiga picha ya kila kitu siku ile. "Ishirini na tisa," akasema. "Ishirini na tisa nukta nne."

Daftari lilikuwa polisi na hakuwa na kalamu. Japheth akairudia ile namba chini kwa chini, kama mtu anayepewa njia ya kwenda nyumba asiyoijua, akairudia akirudishwa chumbani, akairudia wiki sita, akairudia ndani ya ndege. Alipofika nyumbani Kiminini, kabla ya kuvua viatu, aliomba daftari la shule la binti yake, akageuza ukurasa wa mwisho, akaandika kwa mkono wa kushoto tarehe, namba ya mtungi, na mbele ya neno *Mwinamo:* akajaza.